Mjomba wa Pwani Anajibu: Huo Mchanga Umepita Tumboni mwa Pono

Toleo lililopita tuliweka picha ya mwamba pale Kinasi, Mafia, ile yenye kundi la pono wa bluu wanakula, na sijui picha ile ilikuwa na nini maana maswali yamemiminika hadi mhariri ananiuliza kama nimewalipa watu. Siwezi kujibu yote. Nimechukua haya saba, mengine subirini, na yule aliyeuliza kuhusu nguva na wanaume wa Mafia hilo swali sijibu, tunajuana.

*Mjomba shikamoo. Nilikuwa Mafia kikazi, jioni tumekaa ufukweni tunakunywa madafu, guide akatuambia huu mchanga mweupe mliokalia ni mavi ya samaki. Wenzangu wakacheka, mi nikanyanyuka kabisa. Alikuwa anatutania?* (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mpwa wangu. Hakuwatania, na kunyanyuka kwako hakukusaidia kitu maana ule mchanga ushaoshwa na bahari miaka na miaka, kaa tu.

Mhusika ni huyu huyu pono. Ukizamia asubuhi maji yametulia, kabla hujamwona utamsikia, kra, kra, kra, kama mtu anatafuna barafu chumba cha pili. Meno yake yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku, anagota mwamba kwa huo mdomo, anang'oa mwani pamoja na kipande cha mwamba wenyewe, ukimsogelea taratibu unaona kabisa alama mbili nyeupe alizoacha, kama mtu kakwangua ukuta kwa patasi. Sasa ule mwamba hautemi. Kooni ana meno mengine ya kusagia, hapo ndo kinu kilipo, anasaga mpaka unakuwa unga, tumbo la kukaa na chakula hana, vinapita moja kwa moja kwenye utumbo, anachukua chake, kinachobaki anakiachia huku anaogelea, wingu jeupe linashuka nyuma yake kama vumbi la gari barabara ya Rufiji. Hilo wingu ndo ufukwe wako.

Si mchanga wote lakini, tusimzidishie. Kuna makombe yaliyosagika, kuna mwani wa chokaa, kuna matumbawe yaliyovunjwa na mawimbi. Ila usimdharau pia: kule Maldives mwaka 2015 watafiti walipiga hesabu kwenye kisiwa kinaitwa Vakkaru wakakuta zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya unaozalishwa pale unatoka kwa pono. Na pono mkubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka, mwenyewe anatosha kwenye kapu.

Lakini mchanga ni ziada tu, kazi yake hasa ni kufyeka. Mwani wa mwambani ukiachwa unakua haraka kuliko tumbawe, unafunika kila mahali, na tumbawe changa likitafuta pa kushika halipati. Pono na wenzie, kangaja, chafi (Mombasa wanamwita tasi), ndo wanaolima hilo shamba kila siku. Mwamba uliovuliwa pono wote unaujua hata kabla hujavaa miwani, ukiweka mguu unateleza.

Kingine ambacho wengi hawakijui: yule pono wa kahawia au mwekundu-mwekundu na yule wa bluu na kijani mnaemgombania kwa rangi, mara nyingi ni aina moja. Wengi wanaanza maisha wakiwa majike, rangi zimepoa, wakikua wengine wanageuka madume na ndo wanavaa hayo mabluu. Kwa hiyo ukiingia na bunduki ya mishale ukachagua wale wakubwa wanaong'aa tu, kila wiki, umeondoa madume karibu yote, majike yanalazimika kugeuka yakiwa bado madogo, na baada ya miaka unasikia mzee anasema "pono wa siku hizi wamedumaa". Hawajadumaa mzee, tumewachagua. Belize walipiga marufuku kuvua pono mwaka 2009. Kwetu hapa anauzwa tu, nami nakiri nimemla sana wa kupaka, nyama yake laini hiyo, ila siku hizi nikikuta kwenye meza ya muuzaji pono na changu nachukua changu. Mke wangu anasema ni unafiki maana changu naye ana kwao. Sawa.

*Mjomba habari, mwanangu wa darasa la tatu ameniuliza samaki wanalala vipi wakati hawana kope. Nimemwambia nitauliza.* (Mama wawili, Mbagala)

Nzuri mama. Mwambie wanalala macho wazi, kama baba yake kwenye mkutano. Kitatange anaingia kwenye uwazi wa tumbawe anatulia. Kikande anajibana kwenye ufa halafu anasimamisha ule mwiba wa mgongoni unajifunga kama komeo, hata ukimvuta mkia hatoki. Chafi anabadilika madoadoa kama mtu aliyevaa gwanda, ukimmulika tochi usiku unadhani ni samaki mwingine.

Lakini mkali wao ni pono (ndio, tena yeye, mtanisamehe). Aina kadhaa za pono kabla ya kulala zinatoa ute mdomoni, zinajizungushia mwili mzima mfuko mwembamba kama nailoni, kazi ya karibu saa nzima, halafu zinalala humo. Zamani walidhani ni kwa ajili ya kuficha harufu asisikiwe na mkunga (yule samaki mrefu kama nyoka), na huenda inasaidia, ila mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba inazuia vidudu vinavyonyonya damu usiku. Kwa hiyo mwambie mtoto pono ana chandarua.

*Mjomba, sisi wa ziwani papa tunamuona kwenye simu tu. Jamaa yangu kanitumia video yupo Mafia anaogelea pembeni ya papa mkubwa kama Coaster na anacheka. Nyie watu wa pwani mko sawa?* (Msomaji, Mwanza)

Huyo ni papa potwe, wa Kenya wanamwita papa shilingi kwa yale madoa meupe mgongoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani lakini anakula vitu vidogo kuliko unavyokula wewe. Dagaa unazokula wewe na ugali kwake ni chakula kikubwa. Anafungua domo, maji yanaingia, yanatokea kwenye matamvua, vinabaki viduduvidudu. Pale Mafia kinachomleta zaidi ni aina ya uduvi mdogo mno, ukichota maji kwa mkono unaona tu kama vinywele vinacheza. Na hao uduvi wanatokana na kwamba ng'ambo tu ya pale, magharibi, Mto Rufiji unamwaga maji yenye rutuba ya karibu moja ya tano ya nchi, kwa hiyo bahari ya upande wa Kilindoni ni supu, si bahari.

Msimu wa kumuona ni Oktoba mpaka Machi, wakati wa kaskazi. Zamani tulikuwa tunasema kusi likianza anahama, anaenda zake India au wapi huko. Wakaja watafiti wakawafunga vifaa, kumbe wengi hawaendi popote, wapo hapo hapo Mafia mwaka mzima, wanasogea tu kwenye maji ya mbali kidogo na kina zaidi ambako huwezi kuwaona ukiwa juu. Wengi wa pale ni madume machanga ya mita sita, saba hivi. Hao ni vijana, wakubwa wanafika mara mbili ya hapo na zaidi.

Kila mmoja madoa yake ni ya kwake peke yake kama alama za vidole, wanampiga picha ubavuni wanajua huyu ni nani. Ila mjue naye anaumia. Niliwahi kuwa kwenye boti, ya nani nakaa nayo moyoni, nahodha kaona mapezi mawili kaongeza moto ili wageni wake wafike kabla ya boti nyingine, tukamgonga. Haikusikika hata sauti kubwa, du, basi, akazama. Wageni wanauliza "kaenda wapi?" na yule nahodha anasema kaenda chini kula. Sijapanda boti yake tena. Ukienda, mwambie nahodha azime injini mbali, ingia majini taratibu, usimguse, kaa ubavuni, mkia wake ukikupitia utalala hospitali bila yeye kujua.

*Mjomba salaam aleikum. Marehemu babu alikuwa yuala bunju na hakufa nae, leo sisi twakatazwa. Je ni kweli ana sumu ama ni maneno ya watu wa fisheri?* (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam ndugu yangu. Hapa sitafanya mzaha. Bunju, yule samaki anayevimba kama mpira akitishwa, ana sumu, na ni mbaya kuliko unavyodhani. Imejaa kwenye ini na mayai, lakini inaweza kuwa kwenye ngozi na pengine hata nyama, inategemea aina, msimu, na huyo bunju kala nini. Kupika hakuitoi. Kukausha hakuitoi, ndimu haifanyi kitu. Inaanza ganzi kwenye midomo na ulimi, halafu mikono, miguu inalegea, mtu anashindwa kupumua na akili zake zote anazo, anawasikia mnalia. Dawa ya kuizima haipo, hospitali wanachofanya ni kumpumulia kwa mashine mpaka sumu iishe mwilini, kwa hiyo ukiona dalili kimbia, usianze kutafuta maziwa na mkaa. Wajapani wanamla, sawa, lakini mpishi anasomea na anapewa leseni. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa na ujuzi wake na pia alikuwa na bahati, na bahati hairithiwi.

Na maadamu tumefika hapo niseme la kasa. Machi 2024, Kisiwa Panza huko Pemba, watu walikula nyama ya kasa, wakafa watoto wanane na mtu mzima mmoja, wengine 78 wakalazwa. Nyama ilikuwa ya kasa kama yule waliyewahi kula, wameipika kama walivyozoea. Sumu yake nayo haiondoki kwa moto, na kibaya zaidi mama akila, mtoto anayenyonya anaipata kwenye maziwa. Kasa yuko chini ya sheria Tanzania na Kenya kote, lakini hata sheria isingekuwepo, mimi nyama ambayo Jumatatu ni kitoweo na Jumanne ni msiba siiweki mdomoni.

*Shikamoo mjomba. Mwalimu wa bayolojia kasema samaki wa aina tofauti wanaweza kuwinda pamoja. Tumebishana darasani nusu kipindi. Tafadhali amua.* (Kidato cha pili, Tabora)

Marahaba. Mwalimu kashinda. Chewa ana mbio lakini ana umbo la gunia, samaki akiingia kwenye ufa hamfikii. Mkunga ni mwembamba anaingia popote lakini kwenye maji ya wazi hana mbio. Huko Bahari ya Shamu mwaka 2006 watafiti walieleza jinsi chewa anavyokwenda mlangoni kwa mkunga mchana, mkunga kalala, anamtikisia kichwa haraka haraka usoni, mkunga anatoka, wanaondoka wote. Chewa anamwonyesha hata ufa alikojificha samaki. Kugawana hamna, anayewahi ndo anakula, mara huyu mara yule, lakini wote wanapata zaidi kuliko kila mtu kivyake.

Mi mwenyewe ninachopenda kuangalia ni kinyozi. Kuna samaki mdogo kama kidole, ana mstari mweusi na bluu, anakaa sehemu moja siku zote mwambani, na wakubwa wanakuja pale wanapanga foleni, kweli foleni. Siku moja pale Kinasi, maji yanajaa, mkondo umeanza kuvuta nimeshika jiwe kwa mkono mmoja, nikamwona chewa wa kama kilo kumi kasimama wima kidogo, mdomo wazi, rangi imefifia, na kinyozi yuko NDANI ya mdomo anaokota vidudu kwenye meno, katokea kwenye tamvua, kaingia tena. Chewa angefunga mdomo mara moja tu kinyozi angekuwa historia. Hafungi. Akitaka kuondoka anatikisika kwanza, kama mtu anayekohoa kabla ya kutoka msalani, kinyozi anatoka, ndo anafunga. Na kwa kuwa hakuna soko lisilo na tapeli, kuna samaki mwingine kavaa nguo zile zile, mstari ule ule na mwendo ule ule anauiga, mteja akisimama vizuri anamng'ata kipande cha pezi anakimbia. Mtofautishe kwa mdomo, wa tapeli uko chini ya pua kama wa papa.

*Mjomba nimezamia mara ya kwanza maishani, nikaona matumbawe meupe pee yanapendeza, nikapiga picha. Wenyeji wakasikitika, wanasema yanaumwa. Tumbawe linaumwaje, si jiwe?* (Msomaji, Kigamboni)

Si jiwe. Jiwe ni nyumba, mwenye nyumba ni mnyama mdogo laini, maelfu wamepangana. Na ndani ya ngozi yake kapangisha vimwani vidogo visivyoonekana kwa macho, vinapika chakula kwa jua na kodi vinamlipa chakula hicho hicho. Rangi unayoiona, hasa kahawia, kwa sehemu kubwa ni ya mpangaji. Maji yakizidi joto, hata digrii moja juu ya ile ya kawaida ya msimu wa joto, likakaa hivyo wiki kadhaa, uhusiano unaharibika, mwenye nyumba anamfukuza mpangaji, kinabaki kiwiliwili kisicho na rangi kinaonyesha mifupa myeupe. Bado hajafa hapo, ana njaa. Maji yakipoa mapema mpangaji anarudi. Yasipopoa, mwani unaota juu yake na ndo basi.

Kwetu mwaka mbaya ulikuwa 1998, Bahari ya Hindi upande huu wote, wazee wa Mafia wanauita tu "mwaka ule". Ikaja 2016 tena, na Aprili 2024 wanasayansi wakatangaza kwamba dunia nzima imo kwenye wimbi la nne la matumbawe kugeuka meupe. Sehemu zilizopona vizuri baada ya 1998 ni zile zenye maji ya kutembea, na zile ambazo hazikuwa zimeshapigwa baruti za kuvulia samaki, maana baruti inaacha kokoto zinazobiringika na tumbawe changa haliwezi kushika kitu kinachobiringika. Hapo ndo utaelewa kwa nini Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza Tanzania, ya 1995, walikuwa wakali hivyo. Walikosea mambo na wavuvi wadogo, hilo nalo niliseme, kuna watu walinyang'anywa nyavu kabla hawajaelezwa kitu. Ila kwenye baruti nawaunga mkono.

*Mjomba nakusoma kila toleo huku Muscat. Je kipo kisiwa katika bahari yetu ambacho bado binadamu hajakichezea?* (Mpemba wa Muscat)

Cha karibu kabisa na hilo ni Aldabra. Ni ya Shelisheli lakini iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, kisiwa chao kikuu, kukaribia Afrika kuliko kwao. Watu wanaoishi pale ni watafiti na walinzi wachache tu, kobe wakubwa ni zaidi ya laki moja. Miaka ya sitini Waingereza walitaka kujenga uwanja wa ndege za jeshi pale, wanasayansi wakapiga kelele, 1967 mpango ukafa, na 1982 ikaingia kwenye Urithi wa Dunia. Katikati ni bwawa kubwa la bahari linalojaa na kupwa kupitia mikono michache myembamba, bamvua likianza kujaa maji yanaingia kama mto na samaki wanaingia nayo, kolekole, chewa, papa wachanga wenye ncha nyeusi kwenye mapezi wanacheza kwenye maji ya magoti. Chewa wa pale hawajajifunza kumwogopa mtu. Kasa, ambao walikuwa wanachinjwa mno mpaka wakakatazwa 1968, wamerudi kwa maelfu.

Sasa hapo unasema alhamdulillahi, kumbe. Mwaka 2019 kikundi cha watu kumi na mbili kilikaa wiki tano kikiokota takataka, wakapata tani 25, na kwenye hizo tani kulikuwa na kandambili kama 50,000. Kandambili! Kisiwa ambacho anayeruhusiwa kushuka anahesabika. Na wakakadiria zilizobaki ufukweni ni zaidi ya tani 500, nyingi kwa uzito ni nyavu na kamba za meli za uvuvi. Kwa hiyo jibu ni hakipo, ila hicho mguu wa binadamu umefika bila binadamu mwenyewe.

Na kwa wote walioandika kuuliza nauli: boti za Mafia zinapandiwa Nyamisati, Kibiti, mnashukia Kilindoni. Muulize ratiba siku moja kabla. Kama ni mwezi wa sita au wa saba kusi likivuma, kula kidogo, kaa nyuma, na usikae karibu na mtu aliyekula biriani.